Deni la Mwenye Kudai

Baba mdogo alikuwa na shada la funguo alilolifunga kwa kamba ya kiatu. Zikilia taratibu getini, tulijua tutakula. Zikimponyoka zikaanguka, nilimvuta mdogo wangu kwa ukosi wa shati hadi nyuma ya mapipa ya maji, tukabana pumzi. Nilikuwa na miaka minane, na hakuna somo la shule nililolijua vizuri kama sauti ya zile funguo.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwenye arobaini ya bibi, shangazi aliniita chumbani, akanishika mkono. "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Baba yako mdogo kazeeka. Msamehe, tuyamalize humu humu ndani." Alisema kwa upendo, na upendo huo ndio ulionifunga mdomo.

Tangu siku hiyo msemo ule haujaniacha. Ndwele ni maradhi. Anayesema yaliyopita si ndwele ametoa cheti cha afya, nami najiuliza amempima nani. Mpaka leo mlango ukisukumwa kwa nguvu ofisini mabega yangu hupanda kabla sijageuka kutazama nani kaingia. Mwili haujapewa taarifa kwamba yamepita.

Lugha yetu yenyewe inajua zaidi ya msemo wake. Tunasamehe kosa, tunasamehe deni, kwa kitenzi kimoja. Na deni, kila muuza duka anajua, husamehewa na mwenye kudai. Jirani hawezi kufuta jina kwenye daftari lisilo lake, hata awe na huruma kiasi gani. Wazee wa ukoo waliwahi kukaa kikao juu ya kipigo kimoja kilichonivunja kidole. Walizungumza, wakasameheana, wakashikana mikono. Mimi nilikuwa jikoni, nimetumwa kuchemsha chai.

Siamini kwamba walikuwa wakatili. Aliyenichapa mkanda ndiye aliyenilipia ada baada ya baba kufariki, na katika hesabu zao deni moja lilikuwa limekula lingine. Hapa ndipo nilipokwama miaka mingi, kwa sababu ada ile ni kweli. Namshukuru, na nitaendelea kumshukuru. Ila shukrani ilipokuwa bei ya kunyamaza, sikujua tena kama nashukuru au naogopa. Mtoto asiyeweza kutenganisha hayo mawili hukua akidhani upendo lazima uje na mkanda.

Nilidhani pia nyumba yetu ilikuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yakatolewa 2011, ulionyesha kuwa takriban vijana watatu kati ya wanne, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Mwaka huo huo wa 2009 ilitungwa Sheria ya Mtoto. Inakataza mateso na adhabu ya kikatili, lakini bado inaacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi. Hicho kiasi hukipima nani? Ndani ya nyumba, milango ikishafungwa, hukipima mkono ule ule unaopiga.

Mwaka jana mdogo wangu alikuja kunitembelea. Tulikuwa tunamenya viazi, akasema bila kuniangalia, "Nakumbuka ule ukosi ulivyokuwa ukinikaba." Basi. Niliweka kisu chini nikalia. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyelijua daftari, na hakuniomba nilifute. Sijamsamehe baba mdogo. Huenda nitamsamehe, na siku hiyo nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, bila kuitwa chumbani na mtu.

Jana jioni nilirudi na mizigo mikono yote miwili, funguo zikaniponyoka, zikalia kwenye sakafu ya baraza. Nilisimama nikisikiliza. Binti yangu ana miaka minane. Alikuwa sebuleni, amelala kifudifudi, anapaka rangi picha ya nyumba kwenye daftari lake. Hakuinua hata kichwa.