Kungoja Baada ya Kulipa

Wiki hii naanza na aibu yangu mwenyewe.

Jumamosi usiku, badala ya kumalizia maandalizi ya ibada, nilikuwa kwenye simu nikijenga kijiji. Ni gemu ya bure, zile za kujenga kuta na kuzilinda. Ghala langu lilikuwa limebakisha saa 14 likamilike, nami sikutaka kungoja. Nikanunua almasi za shilingi 250. Pesa zikakatwa, ujumbe wa malipo ukaingia, almasi hazikuja. Nikazima simu, nikawasha. Nikawaandikia huduma kwa wateja mara nne, na ile ya nne haikuwa lugha ya mchungaji. Jibu likaja: subiri hadi saa 48. Mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo hesabu ya hizi gemu naielewa. "Bure" ni mlango tu. Chukua Clash of Clans, iliyotolewa na kampuni ya Supercell ya Finland mwaka 2012. Mwanzoni jengo linachukua muda mfupi tu, baadaye linachukua siku kadhaa, na vito ndivyo vinavyofupisha. Candy Crush nayo inakupa maisha matano. Ukiyamaliza, moja linarudi kila baada ya dakika 30, ama ulipe. Huko ndani hakuna fundi anayechanganya simiti. Muda huo umewekwa na mtu makusudi, ili uuziwe njia ya kuukwepa. Na bei inaandikwa kwa vito, kwa sababu ukishabadilisha shilingi zako huoni tena kwamba unatumia pesa ya maziwa. (Ni ujanja, lakini kama mtu wa biashara lazima nikiri una akili.)

Sasa, je, hasira yangu ilikuwa halali? Tunasema subira huvuta heri, na wengine watasema mchungaji angenyamaza tu. Mimi sikubali. Zile saa 14 za ghala, hakuna aliyenikosea, ningeweza kulala. Lakini pesa ikishakatwa, kungoja kunageuka kuwa deni, na anayedai chake hajakosa subira. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba aliyeshika pesa yangu ndiye aliyeniambia nisubiri. Subira naweza kujitwika mwenyewe. Wewe mwenye deni langu huwezi kunihubiria.

Katikati ya hasira hiyo nikamkumbuka mama aliyeshona nguo za kwaya. Zilivaliwa Pasaka. Salio lake lilikuwa shilingi 6,000, na malipo hayo yanapitia mezani kwangu. Alikuwa amenipigia mara tatu. Mara zote nilimjibu, "Mama, vumilia kidogo, Mungu atafungua mlango." Kumbe mlango ulikuwa wazi kitambo. Pesa ilikuwepo, mimi ndiye sikuwa nimekaa chini kuandika vocha. Mimi nilishindwa kungoja saa mbili kwa sababu ya kijiji kisicho na watu. Yeye ana kodi ya kibanda na watoto wawili shuleni.

Hakunifokea hata siku moja. Niliwahi kumsifu kwa hilo mbele ya kamati, kwamba huyu mama ana moyo. Siku hizi najiuliza kama ilikuwa subira, ama ni vile tu mtu hawezi kumfokea mchungaji wake. Nadhani ni hilo la pili, na ndilo linaniuma.

Almasi ziliingia Jumapili katikati ya ibada, simu ikatetemeka mfukoni. Jumatatu asubuhi niliandika vocha, nikamtumia mama pesa yake yote, kisha nikampigia. Safari hii sikumtaja Mungu wala mlango. Nilimwambia nimemchelewesha na kosa ni langu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Pastor, umeweka na ya kutoa?"

Sikuwa nimeweka. Nikatuma.