TAFAKURI YA LEO: Nani anakuona?



Mwaka 2013 kule Kinshasa, mhandisi Thérèse Kirongozi na wenzake walisimamisha roboti kubwa za alumini kwenye makutano ya barabara. Zilikuwa na umbo la mtu, mikono ya kuongozea magari, taa na kamera, na zilitumia umeme wa jua. Madereva waliozoea kumpuuza trafiki wa kweli, mbele ya roboti walisimama. Roboti haihongeki, tena ilirekodi.

Tusiwacheke. Hapa kwetu, kati ya Mkata na Segera, dereva akipigiwa taa na mwenzake anapunguza mwendo, anampita trafiki kwa adabu zote, halafu anakanyaga mafuta. Na sisi abiria tunafurahi tumewahi Korogwe! Adabu ile tunaiita heshima, lakini ni hofu ya kuonekana tu. Ndiyo maana hata chuma kisicho na roho kinaiweza.

Sasa angalia funga yako. Saa tisa alasiri, upo peke yako chumbani, mlango umefungwa, jagi la maji lipo mezani, koo limekauka. Hakuna kamera, wala mtu wa kukuuliza. Na bado hunywi. Unamwonea haya Mola wako.

Swali langu ni hili: mtu huyo huyo akitoka chumbani akashika usukani, au akashika mizani ya dukani, Yule aliyemwonea haya mbele ya jagi anamwacha wapi?

Futari njema.