Dakika Mbili na Sekunde 43

Mei 2024, huko Eugene, Marekani, Beatrice Chebet alikimbia mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54. Ni mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Jamaa yangu mmoja hakushtuka: "Sasa hapo ajabu iko wapi? Wanaume kibao wanaikimbia hiyo."

Kweli wanaikimbia. Joshua Cheptegei wa Uganda alitumia 26:11 mwaka 2020. Pengo ni kama asilimia 10. Lakini je, sifa tunampa mtu kwa saa, au kwa alichokifanya na mwili aliopewa?

Kwa wastani, mwanamke ana moyo mdogo zaidi na hemoglobini pungufu, hivyo oksijeni inayofika kwenye misuli yake kila dakika ni kidogo. Huo si uvivu, na hakuna mazoezi yanayoufuta kabisa upungufu huo.

Ila neno "maumbile" tulishike kwa tahadhari. Kwa kisingizio hichohicho, baada ya 1928 wanawake waliondolewa kwenye mita 800 za Olimpiki hadi 1960. Marathoni ya Olimpiki waliipata 1984. Wanaume walianza 1896. Sehemu ya pengo la enzi zile ilikuwa mlango uliofungwa.

Mimi naona maumbile yanaeleza pengo, hayapangi heshima. Bondia wa uzito mdogo hatumdharau eti asingemweza wa uzito wa juu. Kwa nini basi Chebet tumdai hesabu ya Cheptegei?