Susana, koneksheni, na kidole kinachobonyeza "tuma"



Vijana wenzangu wa Segese, na ninyi mnaosoma mkiwa Kahama mjini, Kakola, Geita au huko machimboni mtandao unapokamata kwa kubahatisha, leo naomba tufungue Biblia mahali ambapo wengi wetu hatufiki: Danieli sura ya 13. Ukiazima Biblia ya rafiki yako wa dhehebu jingine huenda usiione kabisa, sura zao zinaishia 12. Sisi Wakatoliki tunayo, na Kanisa linatusomea kila mwaka Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima. Shida ni kwamba Misa ya Jumatatu asubuhi tunakwenda wachache, tena wengi ni akina mama wa WAWATA.

Habari yenyewe ni ya mwanamke anaitwa Susana. Jina hilo kwa Kiebrania ni ua, yungiyungi. Anaishi Babeli na mume wake Yoakimu, mtu mwenye uwezo, mwenye bustani kubwa. Wazee wawili, waliochaguliwa mwaka ule kuwa waamuzi wa watu, wanakuja pale nyumbani kila siku kusikiliza kesi. Wanamwona Susana, wanamtamani, wanaanza kumvizia. Siku moja ya joto anataka kuoga bustanini mwake, anawatuma wasichana wake mafuta na sabuni, milango inafungwa. Kumbe wale wazee wamejificha humo humo ndani. Wanamtokea na kumpa masharti: ukubali tunachotaka, au tutasema tumekukuta na kijana.

Hapo naomba tusimame kidogo.

Maneno hayo mmeshayasikia. Siku hizi hayatoki nyuma ya mti, yanaingia kwa meseji saa tano usiku. "Tuma hela, la sivyo naziachia." "Turudiane, la sivyo grupu zima litaona." Binti amepeleka simu kwa fundi kubadilisha kioo, akaacha na namba ya siri, wiki mbili baadaye picha zake zinazunguka. Mwingine alimtumia mchumba, mchumba wakagombana. Mwingine hakupiga picha yoyote. Kichwa chake kimekatwa kwenye picha ya Kipaimara na kubandikwa kwenye mwili wa mtu asiyemjua. Na huku mtaani tumeshapata jina zuri la kuficha ubaya wenyewe: koneksheni. "Oya, una koneksheni ya yule?" Anayeuliza ni kijana aliyepokea Komunyo Jumapili, na anayejibu ni mwenzake wa kwaya.

Turudi bustanini. Susana anapiga yowe. Wazee wetu wa Kisukuma wanaliita mwano, na mwano ukipigwa kila mwenye nguvu lazima atoke nje, awe amekula au hajala. Lakini angalieni Maandiko yanavyosema: na wale wazee nao wakapiga yowe. Mayowe mawili kwa wakati mmoja. Watu wa nyumbani wakaja mbio, wakasikiliza lipi? La wazee. Kesho yake mkutano mzima ukawaamini, na Biblia inataja sababu bila kuzunguka: kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi. Hawakuwa na ushahidi wowote mwingine. Walikuwa na cheo, na walikuwa wawili.

Kuna jambo dogo pale ambalo huwa tunalipita haraka. Susana alifika mkutanoni amejifunika uso. Wale wazee wakaamuru afunuliwe, ili waendelee kuushibisha macho uzuri wake. Yaani mtu anahukumiwa kufa, na wanaomshtaki wanataka kumwangalia! Ndiyo maana siwaamini kabisa wale wanaosambaza video huku wameandika juu yake "mabinti wa siku hizi wamepotea, tuwaombee". Kama unamwombea, kwa nini umeiambatanisha?

Na hebu niambieni, nani katika sura nzima anauliza kwa nini Susana alikuwa anaoga bustanini? Hakuna hata mmoja, wala Danieli, wala Mungu. Sisi ndilo swali letu la kwanza. "Alipiga za nini?" Tunamuuliza aliyeibiwa kwa nini alikuwa na mali, na mwizi tunampa laiki.

Sisi wa Shinyanga tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Mkoa wetu umebeba aibu ya mauaji ya vikongwe. Bibi alikuwa amepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, moshi umemharibu macho yakawa mekundu, na watu wakasema macho yale ni ya mchawi. Wengi waliuawa kwa panga kwa sababu ya jina walilopewa na wengine. Halikuwepo grupu la WhatsApp. Kulikuwa na mganga mmoja aliyetaja, jirani aliyenong'ona, na kijana aliyekubali kulipwa. Neno likishatoka, mama wa watu hana tena nafasi ya kusema mimi ni nani. Sasa simu imefanya kazi ya yule jirani iwe nyepesi.

Kule Mererani, mkoani Manyara, yuko mama anaitwa Pili Hussein. Wanawake walikuwa hawaruhusiwi kushuka migodini, basi yeye akavaa nguo za kiume, akajiita Mjomba Hussein, akachimba tanzaniti kwa karibu miaka 10 bila wenzake kugundua. BBC waliitangaza habari yake mwaka 2017. Ukweli ulijulikana alipokamatwa kwa tuhuma ya kumbaka mwanamke. Ikabidi aseme na kuthibitisha kwamba yeye ni mwanamke. Watu huisimulia kama kichekesho, na kweli ina sehemu za kuchekesha. Mimi inanisumbua kwa jambo moja: ili aachwe afanye kazi, ilibidi kwanza aache kuwa yeye. Na hapa kwetu bado wapo wanaoamini mwanamke akisogelea duara dhahabu inakimbia.

Mtandaoni ni vile vile. Nawafahamu mabinti wenye akili nzuri, wanaoweza kuandika juu ya kilimo, hesabu, siasa hata imani, lakini akaunti zao zina jina la kiume na picha ya Scania. Ukiwauliza wanasema hivi ndivyo wanavyojibiwa hoja; wakiweka jina lao wanajibiwa maumbile. Si kwa wadogo tu. UNESCO walifanya utafiti wa waandishi wa habari katika nchi 125 na kuutoa mwaka 2021, na kati ya wanawake waliojibu, asilimia 73 walisema wameshafanyiwa ukatili mtandaoni kwa sababu ya kazi yao. Wengine hunyamaza, wengine huacha kazi. Mwanzo 1:27 inatufundisha kwamba sura ya Mungu iko kwa mwanaume na kwa mwanamke, wote wawili. Kumfanya dada yako aifiche ili apate kusikilizwa ni kumwambia Muumba kwamba nusu ya kazi yake hatuihitaji.

Kuna kaka atasema: "Sawa, Susana alisingiziwa. Lakini huyu wa kwetu ni kweli, video tumeiona." Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatenganisha mambo haya vizuri. Kusingizia ni kusema uongo unaoharibu jina la mwenzako. Lakini kuna dhambi nyingine, ya kufunua kosa la kweli la mtu kwa wasiolijua bila sababu ya haki. Kwa hiyo "ni kweli" haikuokoi. Mwaka ambao Injili ya Jumatatu ile ni Yohane 8, tunasomewa pia yule mwanamke aliyefumaniwa kweli. Yesu hakuomba aletewe ushahidi zaidi. Aliinama akaandika chini, na waliokuwa na mawe wakaanza kuondoka, wa kwanza wakiwa wazee.

Namba 2487 inaongeza jambo ambalo wengi kwenye kitubio hatulitaji: ukiharibu jina la mtu unawajibika kulirekebisha, si kupewa ondoleo tu na kwenda zako. Ulituma kwenye grupu tatu? Rudi kwenye grupu tatu. Futa, omba radhi, mwambie na uliyemtumia afute. Utaona aibu, ndiyo. Yeye ameishi nayo.

Na Danieli? Maandiko yanamwita kijana. Hakuwa mwamuzi wala mwenyekiti wa kitu chochote. Watu walikuwa tayari wanampeleka Susana kuuawa, yeye akapaza sauti akasema hana hatia katika damu hiyo. Kisha akafanya kitu rahisi mno: aliwatenga wale wazee wawili, akamuuliza kila mmoja, uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, wa pili mti mwingine. Kesi ikaisha. Katika mkutano wote ule hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza swali moja.

Sasa, dada uliyetishiwa na unasoma hii ukiwa peke yako: usilipe, kwa sababu atakayepokea mara ya kwanza atarudi. Usifute meseji zake, ni ushahidi. Zihifadhi na namba iliyotuma. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamwadhibu anayetumia simu au kompyuta kumtisha au kumsumbua mwenzake: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Najua kwenda kule peke yako miguu inakuwa mizito, kwa hiyo mwambie mama mmoja wa WAWATA unayemwamini, au mlezi wa VIWAWA, akusindikize. Kama unamwogopa baba, basi shangazi. Wewe umebatizwa kwa jina lako, na jina hilo hakuna mwenye simu anayeweza kulibatilisha.

Kaka zangu, nina ombi kwenu. Likifika grupuni mwenu, na litafika, awepo mmoja wa kuandika "sisi hatutaki hii hapa" kabla wa pili hajacheka. Utaitwa mtakatifu wa kujifanya. Utaondolewa kwenye grupu pengine. Danieli naye alitazamwa hivyo hivyo, watu wote wakamgeukia kumuuliza maneno gani hayo.

Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya tutaisoma sura nzima pamoja, aya 64, kila mtu aya chache. Wasichana ndio watakaosoma maneno ya Danieli na wavulana watasoma ya Susana, maana nataka tuone yanavyokaa mdomoni. Asiye na Biblia ataazima ya mwenzake. Simu zote zitawekwa kwenye kikapu cha sadaka pale mlangoni, na yangu pia.