Moja ya Kumi Isiyokwisha

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraq lilipiga kambi ya askari wa Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kulinda eneo hilo ulikuwa umewashwa, lakini haukurusha hata kombora moja kulizuia. Sababu yake inaenea kwenye ubao mmoja wa darasa, na naona kila mwalimu wa kompyuta ana wajibu wa kuiandika hapo.

Saa ya mtambo ule ilihesabu muda kwa vipande vya moja ya kumi ya sekunde. Ili kupata sekunde zenyewe, programu ilizidisha hesabu hiyo kwa 0.1, na hapo ndipo penye balaa. Wanafunzi wetu tunawafundisha kugeuza 13 kuwa 1101 katika mfumo wa binary wa kompyuta, wanafurahi, tunafunga daftari. Sehemu za desimali tunaziruka. Basi chukua 0.1, uizidishe kwa 2, uandike tarakimu inayotokea kushoto mwa nukta, kisha uendelee na kilichobaki. Unapata 0.2, andika 0, 0.4, andika 0, 0.8, andika 0, 1.6, andika 1, inabaki 0.6, 1.2, andika 1, inabaki 0.2. Na 0.2 tulishakutana nayo! Mzunguko unaanza upya: 0.0001100110011, na kuendelea bila mwisho.

Rejesta ya Patriot ilikuwa na biti 24 tu, kwa hiyo mkia wote uliozidi ulikatwa. Kilichopotea ni takriban 0.000000095, kiasi ambacho wengi wetu tungesema si kitu. Lakini mtambo wa Dhahran ulikuwa umekaa saa 100 bila kuzimwa. Saa 100 ni vipande 3,600,000 vya moja ya kumi ya sekunde. Zidisha, utapata sekunde 0.34 hivi. Scud hukimbia zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Rada ikalitafuta kombora zaidi ya nusu kilomita kutoka lilipokuwa, isione kitu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba watu walijua. Wiki mbili kabla, Waisraeli walikuwa wameshawaambia Wamarekani kwamba baada ya saa 8 mfululizo shabaha ya mtambo huanza kupotoka. Tarehe 21 watumiaji wakapelekewa ujumbe wa kuwatahadharisha na kuuwasha kwa muda mrefu sana, ila haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Kuzima na kuwasha upya, kazi ya dakika moja au moja na nusu, kungeirudisha saa kwenye sifuri. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26.

Kwa hiyo, mwalimu, mwambie mwanafunzi ajumlishe 0.1 na 0.2 kwa Python. Ataona 0.30000000000000004. Usimwache aseme kompyuta imeharibika. Muulize biti zimekatwa wapi. Mpe hesabu ya Dhahran aifanye kwa mkono, hatua kwa hatua. Halafu muulize, ukiandika programu ya duka, bei ya shilingi 19.95 utaihifadhije? Akijibu senti 1,995, namba nzima, mwongezee swali gumu zaidi.