Dalili ya Mvua ni Mawingu

Wazee wetu walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini, msomaji, hukuwasikia wakisema kuwa kila wingu ni mvua. Katika tofauti ya maneno hayo mawili limo swali zito: je, ni wema kumwambia mgonjwa mambo ambayo mwili wake unayabashiri?

Chukua mfano wa saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani waligundua kuwa, katika seli zilizotoka katika saratani hiyo, herufi moja tu ya jeni iitwayo HRAS ilikuwa imebadilika, na badiliko hilo dogo lilitosha kuipa jeni nguvu ya kuzigeuza seli nyingine kuwa za saratani. Tangu hapo alama nyingi zimejulikana. Uvimbe wenye badiliko katika jeni FGFR3 mara nyingi hukaa juu juu ya utando wa kibofu. Huweza kurudi ukiisha kuondolewa, lakini ni nadra kuua. Uvimbe ulioharibika jeni TP53 mara nyingi ni mkali, na huelekea kuzama katika msuli wa kibofu.

Basi mgonjwa yu kitandani, na daktari anayo karatasi ya majibu mkononi. Wako wasemao, "Mfiche, hofu huua kabla ya ugonjwa." Hiyo ni huruma, lakini ni huruma impokonyayo mtu siku zake. Atalipaje madeni, ataombaje radhi, atachaguaje tiba, ikiwa hajui? Habari za maisha yake ni mali yake. Walakini mtu aweza kuikataa hata mali yake. Kwa hiyo kwanza na aulizwe kama ataka kujua.

Wako wengine wasemao kweli kwa ukali wa hakimu. Hao nao hukosa, maana alama ina habari za wengi. Habari za mmoja haina. Tuseme katika wagonjwa 10 wenye alama fulani, 7 hushindwa na ugonjwa. Nani ajuaye kama huyu aliye mbele yetu ni katika wale 7 au katika wale 3?

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokuwa tabibu, ama ndugu wa mgonjwa, sema kweli uijuayo, wala usiongeze juu yake hata neno moja usilolijua. Aonaye wingu na awaonye walio njiani watafute pa kujisitiri. Asiwaambie kuwa mto umekwisha kujaa.