Milioni Moja na Watu Watatu

Tarehe 17 Agosti 2017, UNHCR ilitangaza kwamba wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda wamefika milioni moja. Sisi tuliotoka Congo hatukuwemo kwenye hiyo milioni, lakini wengi wao ni majirani zetu hapa West Nile: Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi.

Juzi kwenye kikao cha vijana hapa Dadamu niliandika ubaoni 1,000,000, nikauliza: mtu mmoja akitoka, hii namba itajua? Kijana mmoja akajibu haraka, "Haiwezi kujua, kaka. Ni kijiko cha maji ndani ya Nile." Karibu wote wakakubali. Na mimi nilikuwa nafikiri hivyo, mpaka tukakaa tukaipiga hesabu.

Milioni ni namba mpole. Unaipanga safu 1,000 za watu 1,000, hakuna anayebaki nje. Inagawanyika kwa 2, kwa 5, kwa 8, kwa 100. Mwenye kugawa unga anaipenda, na simlaumu, lazima agawe. Lakini ndani yake mna 2 mara sita na 5 mara sita, basi. Kwa 3 inakataa. Kwa 7 inakataa.

Sasa toa mmoja: 999,999. Ule mraba umevunjika. Kwa 2 na kwa 5 haikubali tena, ila inakubali 3, 7, 11, 13 na 37. Gawa kwa 7, unapata 142,857 kamili. Ukiacha 1, hakuna kigawanyo hata kimoja kilichobaki kutoka kwenye milioni. Na ameondoka mtu mmoja tu!

Mrudishe, halafu ongeza watatu, tuseme mama na mapacha wake. 1,000,003 ni namba tasa. (Jina hilo silipendi, eti kama mtu asiyezaa.) Huwezi kuikata mafungu sawa. Ama uwachukue wote pamoja, ama umhesabu mmoja mmoja.

Binti mmoja hakuridhika. "Mwenye kuandika ripoti hajali, ataandika milioni tu." Ana haki. Mwaka 2018 wakimbizi wote Uganda walihakikiwa upya, kwa alama za vidole na macho. Vitabu vilisema kama milioni 1.4, wakapatikana kama milioni 1.1. Namba yenye sifuri nyingi, mara nyingi aliyehesabu alichoka njiani.

Mimi kinachonisumbua ni kingine. Hesabu inaonyesha kwamba mmoja ana uzito, lakini haijui ni nani. Mtoe babu yangu, mtoe mtu usiyemjua, jibu ni lile lile, 999,999.

Kadi ya kwetu iliandikwa watu 6. Babu alipofariki ikaandikwa 5. Mama alikaa karibu mwezi mzima akipima unga wa watu sita.